PIKIPIKI ILIYOLIA KAMA BUNDUKI
Tuliyojifunza katika ua mmoja wa Gudele juu ya hewa, petroli na utulivu wa usiku

Yeyote aliyepata kukesha zamu katika kizuizi cha barabarani anajua kwamba usiku sikio la askari hutangulia jicho lake. Gari huonekana kutoka mbali kwa taa zake, lakini mlio hufika kabla mtu hajatambua umetoka wapi, na mkono huwa umekwisha kuishika bunduki kabla akili haijauliza swali. Katika Gudele, upande wa magharibi wa mji wa Juba, jambo hili lina uzito wake wa pekee. Waliokuwapo huko Desemba 2013, na wale waliokuwapo Julai 2016 mapigano yalipofika tena katika mitaa hiyo, hawahitaji kukumbushwa jinsi mlio wa risasi unavyosikika baina ya kuta za mabati na nyua za mianzi.

Ndiyo maana tumeona vema kuandika leo juu ya jambo ambalo mwanzoni laweza kudhaniwa kuwa dogo: pikipiki iliyobadilishwa ekzosi na chujio la hewa, kisha kiasi cha petroli yake kisirekebishwe ipasavyo.

Kisa kilichotupeleka Gudele tulisimuliwa na sajini mmoja wa polisi, ambaye kwa ombi lake hatutamtaja jina. Sajini huyu alinunua pikipiki iliyokwisha kutumika, yenye injini ya cc 200, ya aina ile isiyokuwa na kabureta bali hurushiwa petroli na noseli inayoamrishwa na kompyuta ndogo. Aliitumia kwendea kazini, kumpelekea mtoto shule, na siku za mapumziko kumpeleka mkewe sokoni Konyo Konyo. Baadaye vijana wa mtaani walimshawishi kwamba ekzosi yake ya kiwandani inaibana injini. Akanunua ekzosi fupi iliyo wazi, na chujio la sponji lenye umbo la pia, lisilo na sanduku la kulifunika. Juma la kwanza alifurahi, kwa maana ngurumo iliongezeka, naye akaona kana kwamba na nguvu imeongezeka.

Juma la pili mambo yakabadilika. Kila alipoachia mkono wa mafuta ili kupunguza mwendo, ekzosi ilipasua milio miwili mitatu mikavu. Usiku mmoja, yapata saa tatu, alipokuwa akirudi kutoka kazini, alikaribia kizuizi cha wanajeshi. Akafanya kama sheria inavyotaka: akapunguza mwendo. Pikipiki ikapasua. Askari waliokuwa kizuizini wakalala chini, na wawili kati yao wakakoki bunduki.

Sajini alizima injini papo hapo, akashuka, akaiinua mikono yake katika mwanga wa taa ya pikipiki ili ionekane, akataja cheo na kituo chake kwa sauti kubwa, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Mkuu wa zamu, koplo mmoja mwenye mvi, aliwaamuru vijana wake wasifyatue. Alipomkaribia hakumgombeza. Alimwambia: “Afande, leo unarudi nyumbani kwa sababu mimi ni mtu mzima. Angekuwa kijana peke yake hapa, angefyatua.”

Asubuhi iliyofuata sajini aliikokota pikipiki yake, bila kuiwasha, hadi kwa fundi.

KWA NINI EKZOSI HUPASUA

Fundi huyo hufanya kazi katika ua wa nyumba yake, chini ya mwarobaini. Alijifunza ufundi Arua, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake ni kile ambacho wengi wetu tulikichukua Arua, Kakuma au Nairobi katika miaka ya ukimbizi. Tulipofika alikuwa amekwisha kuifungua plagi na kuiweka juu ya kitambaa cheupe. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki.

“Tazama, Afande,” alimwambia sajini. “Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai yenye maziwa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe namna hii, petroli imepungua na injini inaungua.”

Hapana budi tueleze kidogo maana ya maneno hayo. Ili petroli iungue yote na hewa yote itumike, gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa hivi. Hewa ikizidi kiasi hicho, mchanganyiko huitwa mwepesi; petroli ikizidi, huitwa mzito. Pikipiki inapokwenda polepole barabarani, kiasi cha 14.7 kwa 1 chafaa. Lakini inapopanda mlima na mzigo, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho, injini hutaka petroli zaidi, yapata gramu 1 kwa gramu 12.5 hadi 13 za hewa. Petroli hiyo ya ziada huongeza nguvu, nayo pia huipoza pistoni na valvu. Ikikosekana, joto hupanda, mchanganyiko huanza kulipuka ovyo ndani ya silinda, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka au valvu iliyoungua.

Mlio wa kupasuka nao una sababu yake. Dereva anapoachia mkono wa mafuta ghafula, mchanganyiko ulio mwepesi mno hushindwa kuwaka ndani ya silinda. Hutoka mbichi, ukaingia katika ekzosi yenye moto mkali. Humo ukikutana na hewa safi iliyopenya katika kiungo kilicholegea, huwaka kwa pamoja na kupasua. Ekzosi ya kiwandani ina vyumba vya kuufifiza mlio huo. Ekzosi fupi iliyo wazi haina cha kuufifiza, hivyo mlio hutoka mzima hadi barabarani. Baadhi ya pikipiki, tena, zina kipira kinachopuliza hewa kwa makusudi katika mlango wa ekzosi ili kuunguza mabaki ya moshi. Kifaa hicho hakina madhara kikiwa na ekzosi yake ya asili, lakini kikiunganishwa na ekzosi iliyo wazi huwa chanzo cha milio.

KOMPYUTA INAYOAMINI KUMBUKUMBU

Swali ambalo wengi wetu tungeuliza ni hili: ikiwa pikipiki ina kompyuta, kwa nini kompyuta hiyo isitambue kwamba ekzosi imebadilishwa, ikaongeza petroli yenyewe?

Kwa kweli mitambo ya kurusha petroli kwa noseli si mipya duniani. Kampuni ya Kawasaki ya Japani iliitia katika pikipiki yake ya Z1000 mwaka 1980, na BMW ya Ujerumani ikafuata na K100 mwaka 1983. Kwa miaka mingi ilibaki ndani ya pikipiki kubwa na za bei ghali. Mabadiliko yalikuja India ilipoanza kutekeleza kanuni kali za moshi tarehe 1 Aprili 2020, na viwanda vyake vikalazimika kuachana na kabureta za kawaida katika pikipiki nyingi zinazouzwa huko. Kwa kuwa sehemu kubwa ya pikipiki za Afrika Mashariki hutoka India na China, mashine za noseli zimezidi kuonekana hata katika barabara zetu, ingawa pikipiki nyingi za abiria, ambazo wenyeji wa Juba wamezizoea kwa jina la senke, bado zinatumia kabureta.

Katika pikipiki nyingi za ukubwa wa kati, kompyuta haina chombo cha kupima uzito wa hewa inayoingia. Hupima kasi ya injini, kiasi mkono wa mafuta ulivyofunguliwa, msukumo wa hewa katika bomba la kuingizia, na joto. Kisha hutazama jedwali lililowekwa kiwandani. Jedwali hilo tunaweza kulifananisha na daftari la ghala: upande mmoja umeandikwa kasi ya injini, upande wa pili kiasi cha mkono wa mafuta, na katika kila chumba imeandikwa muda ambao noseli ibaki wazi. Muda wenyewe ni mfupi mno. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja kamili wa kazi, kutoka kuvuta hewa hadi kutoa moshi, huchukua sehemu 20 tu za elfu za sekunde, na noseli hufunguka na kufunga ndani ya kipindi hicho.

Jedwali hilo liliandikwa kwa ekzosi na chujio la kiwandani. Sajini alipobadilisha vitu vyote viwili, hewa nyingi zaidi ikaanza kupita, lakini daftari likabaki lile lile. Mtunza ghala akaendelea kutoa posho ya watu kumi, hali watu wamekwisha kuwa kumi na mmoja.

Ni kweli kwamba pikipiki hizo huwa na sensa ya oksijeni katika ekzosi, ambayo huiambia kompyuta kama moshi una hewa iliyobaki. Sensa hiyo hutoa umeme mdogo, yapata volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi na volti 0.9 ukiwa mzito. Lakini sensa ya namna hii huweza kusema “mwepesi” au “mzito” tu. Haiwezi kusema ni kwa kiasi gani. Tena kompyuta huisikiliza wakati wa mwendo wa wastani tu. Dereva akifungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, kompyuta huacha kuisikiliza na kurudi kwenye daftari. Kwa hiyo pale hasa injini inapohitaji msaada, hapana anayeisaidia.

KABLA YA KUGUSA NAMBA HATA MOJA

Sajini alitaka namba zibadilishwe siku ile ile. Fundi akakataa. “Afande, usinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa,” alisema, akachukua kikombe cha maji yenye sabuni.

Aliwasha injini, na wakati ekzosi ingali ya baridi akapaka maji hayo penye kiungo cha ekzosi na kichwa cha silinda. Povu likatoka mara moja. Vijana waliofunga ekzosi mpya walikuwa wamerudisha gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, na bolti moja ilikuwa imelegea. Hewa ilikuwa ikipenya hapo. Kosa hilo lilileta hasara mbili kwa pamoja: liliipa ekzosi hewa ya kupasulia, na liliidanganya sensa iliyo mbele yake. Sensa ilipoona hewa hiyo ilidhani mchanganyiko ni mwepesi, ikaitaka kompyuta iongeze petroli wakati wa mwendo wa kawaida. Hivyo pikipiki ilikuwa ikila petroli nyingi barabarani tambarare, na papo hapo ikikosa petroli mlimani.

Gasketi mpya ikawekwa. Nusu ya milio ikaisha siku hiyo hiyo, bila kompyuta kuguswa.

Kisha fundi akaligeukia chujio la hewa. Akalikung'uta juu ya kile kitambaa cheupe, na vumbi jekundu likamwagika. Yeyote aendaye Gudele anajua kwamba ukiiacha barabara kuu ya lami na kuingia mitaani, wakati wa kiangazi unaendesha ndani ya vumbi. Chujio la sponji lililo wazi, lisilopakwa mafuta yake vizuri, hulipitisha vumbi hilo hadi kwenye silinda, likasaga pistoni kama msasa. Ushauri wa fundi ulikuwa kwamba sanduku la kiwandani lirudishwe pamoja na chujio lake la karatasi. Sajini alisita kidogo, akakubali.

Orodha ya fundi haikuishia hapo. Alipima nafasi za valvu injini ikiwa baridi, akabadili plagi, akakagua nguvu ya betri, kwa maana pampu ya petroli na noseli hutegemea umeme, na betri dhaifu huwafanya watu walaumu kompyuta bure. Kila jambo katika orodha hiyo mtu mwenye spana na subira aweza kulifanya nyumbani kwake.

KUPIMA NA KUREKEBISHA

Siku ya pili tulishuhudia kazi yenyewe. Fundi alikuwa na vyombo viwili alivyovinunua Kampala. Cha kwanza ni kipimo chenye sensa ya oksijeni ya aina bora, inayotaja kwa namba uwiano wa hewa na petroli. Sensa hiyo hufungwa katika nati iliyochomelewa kwenye ekzosi. Cha pili ni kisanduku kinachowekwa kati ya kompyuta na noseli. Kisanduku hicho hakiifuti kumbukumbu ya kiwanda. Huiongezea au kuipunguzia muda wa noseli kwa asilimia, chumba kwa chumba, na kikiondolewa pikipiki hurudi katika hali yake ya kwanza.

Alitutahadharisha juu ya kifaa cha tatu, ambacho huuzwa kwa bei ndogo na kuitwa chipu ya nguvu. Mara nyingi ndani yake hamna chochote ila kizuizi cha umeme kinachoidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi. Kompyuta huongeza petroli mahali pote, panapohitaji na pasipohitaji. Mwenye pikipiki husikia tofauti, akadhani amepata nguvu, kumbe amepata masizi.

Hesabu ya marekebisho ni nyepesi. Tuseme mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho kipimo kimesoma 14.3, nasi tunataka 13.0. Tunagawanya 14.3 kwa 13.0, tunapata 1.10. Maana yake chumba kile kinahitaji asilimia 10 ya petroli zaidi. Lakini fundi hakuongeza asilimia 10 kwa mara moja. Aliongeza 5, akampa sajini pikipiki, akamtaka aende na kurudi kwa mkono wa mafuta ule ule na gia ile ile, kisha akasoma kumbukumbu ya kipimo. Ndipo akaongeza tena. Hakubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na kila badiliko aliliandika katika daftari la shule pamoja na saa na joto la siku.

Kanuni nyingine alizozishika tunaona zinafaa kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu zinahusu uhai.

Kwanza, dereva asitazame kipimo akiwa anaendesha. Kipimo kiandike chenyewe, na namba zisomwe pikipiki ikiwa imesimama.

Pili, majaribio yafanywe mchana, mahali pasipo na watoto wala soko, na walinzi wa karibu waarifiwe mapema kwamba kutakuwa na pikipiki inayopita na kurudi.

Tatu, injini isiwashwe ndani ya chumba. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa anadhani ameshikwa na usingizi.

Nne, bomba la petroli la pikipiki ya noseli hubeba msukumo, kwa kawaida yapata mara tatu ya msukumo wa hewa tunayoivuta. Asiyeutoa msukumo huo kabla ya kufungua kiungo hurushiwa petroli usoni. Na palipo na petroli pasiwe na sigara wala jiko la makaa.

Tano, silaha ya kazini isiwe karibu na kazi hiyo. Mkono wenye mafuta na akili iliyo katika mashine havifai kuwa jirani na bunduki.

Ilipofika jioni kipimo kilisoma 13.1 katika mzigo mkubwa, na yapata 14.6 katika mwendo wa kawaida. Jambo la mwisho lilikuwa kile kipindi cha kuachia mkono wa mafuta. Fundi aliongeza petroli kidogo sana katika vyumba vya chini vya jedwali, akaziba hewa ya kile kipira cha ekzosi tulichokitaja, na mdomoni mwa ekzosi akatia kizibo chenye matundu cha kupunguzia sauti, ambacho vijana walikuwa wamekiondoa na kukitupa.

WENYE KABURETA WASIJIONE WAMESAHAULIWA

Wengi wa wasomaji wetu wana Bajaj Boxer au TVS zenye kabureta. Kanuni ni ile ile. Kinachobadilika ni vyombo. Badala ya jedwali, kabureta ina sehemu tatu zinazopokezana kazi. Tangu injini inapounguruma pole mpaka mkono wa mafuta ufunguliwe kidogo tu, kazi hufanywa na jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kutoka robo hadi robo tatu, kazi hufanywa na sindano iliyo ndani ya kabureta, ambayo hupandishwa au kushushwa kwa kuhamisha klipu yake. Kutoka robo tatu hadi mwisho, kazi ni ya jeti kubwa.

Kwa hiyo mwenye kabureta ajiulize: tatizo linatokea mkono wa mafuta ukiwa wapi? Ikiwa pikipiki hupasua inapoachiwa mkono, atazame kiungo cha ekzosi, kisha skrubu ya mchanganyiko na jeti ndogo. Ikiwa hukosa nguvu na kupata joto mlimani baada ya kubadilishwa ekzosi, aongeze namba ya jeti kubwa, hatua moja moja, akisoma plagi kila mara.

Liko jambo jingine linalowahusu wanaoleta pikipiki kutoka Kampala kwa barabara ya Nimule. Kampala iko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Juba yapata mita 500. Huku chini hewa ni nzito zaidi, ingawa joto letu hupunguza sehemu ya tofauti hiyo. Kabureta iliyopangwa Kampala hadi mwisho wa uwezo wake huja Juba ikiwa imeelekea kwenye wepesi. Pikipiki ya noseli yenye sensa ya msukumo wa hewa hujirekebisha yenyewe katika jambo hili, na hiyo ni moja ya fadhila zake.

PETROLI YA CHUPA

Nchi yetu huchimba mafuta ghafi na kuyapeleka kwa bomba hadi Port Sudan, lakini petroli tunayoitia katika pikipiki hununuliwa nje na kuletwa kwa malori kupitia Uganda na Kenya. Ikiadimika vituoni, huuzwa kando ya barabara katika chupa za plastiki. Hatumlaumu mwananchi anayejitafutia riziki kwa njia hiyo, lakini mwenye mashine ana haki ya kujua anachokinunua.

Maji hujulikana kwa urahisi. Tia petroli katika chupa iliyo wazi, iache itulie kwa muda. Maji, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini. Mafuta ya taa hujulikana kwa karatasi nyeupe. Dondosha tone la petroli juu yake na ungoje kivulini. Petroli safi hukauka bila kuacha doa la mafuta. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa. Petroli iliyochanganywa hulipuka ovyo ndani ya silinda, na uchafu wake huziba noseli, ambayo matundu yake ni membamba kuliko ya jeti. Fundi wetu hakubali kupima pikipiki yoyote kabla ya tangi kumwagwa na kutiwa petroli aliyoijaribu mwenyewe. Namba zilizopatikana kwa petroli mbaya, alisema, ni ushahidi wa uongo.

ASUBUHI YA KIZUIZINI

Jumamosi iliyofuata sajini alifanya jambo ambalo hatukulitazamia. Aliiendesha pikipiki hadi karibu na kile kizuizi, akaizima kwa mbali, akaikokota kwa miguu hadi kwa askari. Kwa bahati koplo alikuwa zamu. Wakasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Sajini akaomba ruhusa ya kuiwasha mbele yao.

Aliiwasha, akaifungua mkono wa mafuta, akauachia ghafula. Akarudia mara tatu. Injini ilishuka kwa mngurumo mmoja, bila kupasua. Koplo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo, kisha akawageukia vijana wake. “Mmeisikia?” aliwauliza. “Basi ikipita usiku, ndiyo hii.”

Tulimwuliza sajini kama hajutii ngurumo aliyoipoteza. Alicheka. Alisema nguvu imebaki, na petroli inadumu zaidi. Kisha akaongeza kwamba mkewe, ambaye zamani alikuwa akiisikia pikipiki tangu njia panda na kushtuka, sasa haisikii mpaka ifike mlangoni.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeyote kati yetu aliyebadili ekzosi na kuiacha ikipasua, yafaa aanze na ile gasketi na kikombe cha maji ya sabuni. Ikiwa hana fundi wala kipimo, na airudishe ekzosi ya kiwandani mahali pake. Hapana aibu katika hilo. Na hadi siku pikipiki itakapotengemaa, akikaribia kizuizi usiku azime injini mapema, awashe taa, aikokote.